René Descartes na Namba Inayokosekana

Mseminari aliyemaliza mwaka wa kwanza wa falsafa analifahamu jina la René Descartes, na mara nyingi amelisikia likitajwa kwa lawama. Ndiye aliyetia shaka kila kitu, ndiye aliyetenganisha roho na mwili, ndiye aliyefungua mlango ambao wengine waliupita wakaenda mbali kuliko yeye. Wachache hukumbuka kwamba walikutana naye miaka mingi kabla ya seminari kuu, siku mwalimu wa hisabati alipochora ubaoni mihimili miwili inayokatana, akaandika mlinganyo pembeni, kisha akauliza kama x ni 3, y ni ngapi. Hesabu ile inatoka kwa mtu huyo huyo. Waumini ambao hawajawahi kufungua ukurasa hata mmoja wa falsafa yake wameifanya, na jioni hii watoto wao wanaifanya kwenye madaftari yao.

Alizaliwa tarehe 31 Machi 1596 katika mji mdogo wa La Haye, eneo la Touraine, nchini Ufaransa. Mji huo siku hizi unaitwa Descartes. Mama yake, Jeanne Brochard, alifariki mwaka uliofuata. Baba yake, Joachim, alikuwa mshauri katika mahakama kuu ya Bretagne huko Rennes, mtu wa kwenda na kurudi, hivyo mtoto akalelewa na bibi yake. Alikuwa na kikohozi kikavu na uso uliopauka, na matabibu walisema hatafika utu uzima.

Alipokuwa na umri wa miaka kumi hivi alipelekwa katika chuo cha La Flèche, ambacho Mfalme Henri IV alikuwa amewakabidhi Wayesuiti miaka michache tu kabla. Huko alijifunza Kilatini na Kigiriki, mantiki, falsafa ya Aristotle jinsi ilivyopokewa katika shule za Kanisa, na pia hisabati. Hili la mwisho tusilipite haraka. Katika vyuo vingi vya wakati ule hisabati ilikuwa somo la pembeni. Padre Christopher Clavius, Myesuiti Mjerumani aliyefundisha Roma na kushiriki kazi ya kurekebisha kalenda chini ya Papa Gregori XIII mwaka 1582, alipigania miaka mingi somo hilo lipewe heshima katika shule za shirika lake, na vitabu vyake vilienea katika shule hizo. Bila padre huyo, huenda kijana wa Touraine asingepata chakula alichokuwa akikihitaji.

Kwa sababu ya afya yake, wakuu wa chuo walimruhusu kubaki kitandani asubuhi wakati wenzake wameshaamka. Waseminari wanaoamshwa na kengele kukiwa bado giza watamwonea wivu. Tabia hiyo alibaki nayo karibu maisha yake yote, na siku alipolazimika kuiacha, aliishi majuma machache tu.

Alipotazama nyuma baada ya miaka mingi, aliwasifu walimu wake, ila alikiri kwamba katika yote aliyofundishwa hisabati ndiyo iliyomridhisha, kwa kuwa hapo mtu aliweza kuona kwa nini jambo ni kweli. Alishangaa kwamba juu ya msingi imara namna hiyo hakuna aliyejenga nyumba kubwa.

Mwaka 1616 alipata shahada ya sheria huko Poitiers, asiitumie. Mwaka 1618 alikwenda Uholanzi na kuwa askari wa kujitolea katika jeshi la Maurice wa Nassau. Mkatoliki katika jeshi la mkuu wa Kiprotestanti halikuwa jambo la ajabu, maana Ufaransa na Uholanzi zilikuwa na adui mmoja, Hispania. Vita vyenyewe vilikuwa vimesimama, na kambini Breda hapakuwa na kazi nyingi. Huko alikutana na Isaac Beeckman, mwanachuoni aliyemzidi miaka saba hivi, na mazungumzo yao yakamrudisha kwenye hisabati. Mwaka mmoja baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 11 Novemba 1619, akiwa Ujerumani ya kusini kwenye chumba kilichopashwa moto na jiko, aliota ndoto tatu. Alizichukua kama wito wa kuitafuta elimu moja iliyounganika, na akaweka nadhiri ya kwenda kuhiji kwa Bikira Maria wa Loreto. Wanaomhesabu Descartes kuwa baba wa wasioamini huiruka habari hii.

Baada ya safari nyingi na miaka kadhaa ya Paris, mwaka 1628 alihamia Uholanzi, akaishi huko miaka kama ishirini, akihama nyumba mara kwa mara ili asisumbuliwe. Habari za dunia ya wasomi zilimfikia hasa kwa barua za Padre Marin Mersenne, mtawa wa shirika la Mtakatifu Fransisko wa Paola, ambaye chumba chake huko Paris kilikuwa kama posta ya wanahisabati wa Ulaya nzima.

Mwaka 1633 alikuwa karibu kumaliza kitabu kikubwa kuhusu ulimwengu, mwanga na mwili wa binadamu. Ndani yake dunia ilizunguka jua. Ndipo ikaja habari kwamba Roma, mwezi wa Juni, Galileo Galilei amehukumiwa kwa kufundisha jambo hilo hilo. Descartes alikifungia kitabu. Alimwandikia Mersenne kwamba kama jambo lile ni la uongo, basi misingi yote ya falsafa yake ni ya uongo. Lakini hakutaka litoke mkononi mwake neno hata moja ambalo Kanisa lisingelikubali. Kitabu kilichapishwa mwaka 1664, yeye akiwa kaburini.

Wapo wanaomwita mwoga kwa hilo. Ni hukumu nyepesi. Mahakama ya Roma haikuwa na mkono katika Uholanzi ya Wakalvini, na hakuna askari ambaye angebisha mlangoni kwake. Kulikuwa na utii ndani yake, kulikuwa na kupenda utulivu, na kulikuwa pia na hesabu: alitamani walimu wake Wayesuiti siku moja wafundishe kwa vitabu vyake, na alijua kwamba mwandishi aliyekatazwa haingii darasani. Mtu anaweza kutii kwa sababu tatu kwa wakati mmoja, na zisiwe zote safi kwa kiasi kile kile.

Alichoona kinaweza kutolewa bila kuchokoza mtu, alikitoa mwaka 1637 mjini Leiden: hotuba juu ya njia ya kuongoza akili, ikifuatwa na insha tatu, ya mwanga na lenzi, ya mambo ya angani, na ya jiometri. Aliandika kwa Kifaransa, si Kilatini, ili wasomwe hata wale ambao hawakupita chuoni. Insha ya jiometri ina kurasa zaidi kidogo ya mia moja. Ndiyo iliyobadilisha ubao wa darasani.

Kabla yake, jiometri na aljebra zilikaa kama ndugu wasiosalimiana. Jiometri ilikuwa urithi wa Wagiriki: mistari, duara, rula na bikari. Aljebra ilipata jina lake kutokana na kitabu cha Kiarabu cha al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9, na ilishughulika na namba. Hata walipochanganya kidogo, wasomi walikwama mahali pamoja. Urefu ukizidishwa kwa urefu huwa eneo. Ukizidishwa tena huwa ujazo, kama sanduku. Ukizidishwa mara ya nne, hakuna umbo la kuchora. Descartes alichagua urefu mmoja uitwe moja, akaonyesha kwamba kwa kipimo hicho urefu mara urefu unaweza kuwa urefu mwingine tu. Kizuizi kikaondoka. Akazipa urefu zinazojulikana herufi za mwanzo, a, b, c, na zisizojulikana herufi za mwisho, x, y, z. Mtoto anayelalamika leo kwa nini hesabu zimejaa x anamlalamikia yeye.

Kilichomsukuma kilikuwa fumbo la kale. Mwaka 1631 Jacob Golius, profesa wa Leiden, alimpa swali lililoandikwa na Pappus wa Alexandria katika karne ya 4, kuhusu kutafuta nukta zote zilizo katika uwiano fulani na mistari kadhaa iliyotolewa. Descartes aliiwakilisha nukta kwa urefu mbili tu, x na y. Masharti ya swali yakawa mlinganyo unaozifunga pamoja. Kisha akasema jambo ambalo, kwa maoni yangu, lina thamani kuliko mengi aliyoyasema katika falsafa: uchague urefu wowote kwa moja kati ya hizo mbili, na ya pili itapatikana kwa hesabu. Uchague mwingine, itapatikana nyingine. Ukiendelea bila mwisho unapata nukta bila mwisho, na nukta hizo ndizo mstari uliokuwa ukiutafuta.

Tuchukue mfano wa sakristia. Mtunza sakristia ana shilingi 12,000, naye anatakiwa azimalize zote kwa mishumaa. Mdogo ni shilingi 2,000, mkubwa ni 3,000. Idadi ya midogo tuiite x, ya mikubwa y. Tukihesabu kwa maelfu, mlinganyo ni 2x + 3y = 12. Paroko anamwambia achukue midogo 3. Mikubwa ni mingapi? Weka 3 mahali pa x: mbili mara tatu ni 6. Kutoka 12 zimebaki 6, na hizo ni 3y, hivyo y ni 2. Nukta ni (3, 2). Asipochukua mdogo hata mmoja, x ni 0 na y ni 4. Asipochukua mkubwa, y ni 0 na x ni 6. Weka nukta hizo tatu, (0, 4), (3, 2) na (6, 0), kwenye karatasi ya miraba, ulaze rula: zote ziko kwenye mstari mmoja mnyoofu.

Namba hizo mbili ndizo majira ya nukta, na mpangilio wake si mapambo. Anayegeuza akaandika (2, 3) ananunua midogo miwili na mikubwa mitatu, 4 na 9, jumla 13, na dukani atapungukiwa shilingi elfu moja. Kila jibu lijaribiwe hivyo, kwa kurudishwa ndani ya mlinganyo. Tena, mstari una nukta nyingi kuliko duka. Ukiweka x kuwa 1, y inakuwa 3 na theluthi moja. Mstari unakubali, muuza mishumaa hakubali. Ukiweka x kuwa hasi 3, mara mbili ni hasi 6, kwa hiyo 3y lazima iwe 18, na y ni 6. Hapo wanafunzi wengi hupotea kwa kusahau alama. Wasione haya sana, maana Descartes mwenyewe hakuzipenda namba hasi. Majibu ya namna hiyo aliyaita ya uongo. Waliomfuata ndio walioendeleza mihimili pande zote nne.

Na kwa kweli picha tunayoichora shuleni haimo kitabuni mwake. Yeye alichora mstari mmoja wa msingi, na mingine ikatoka hapo kwa pembe yoyote iliyomfaa. Mstari mnyoofu aliuona rahisi mno kumpotezea muda. Aliyeeleza waziwazi kwamba mlinganyo wa namna ya mishumaa yetu, wenye majukumu mawili yasiyojulikana na bila vipeo, huzaa mstari mnyoofu, ni Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse, aliyefika penye wazo hilo hilo miaka ile ile bila kumwiga mtu. Maandishi ya Fermat yalizunguka kwa mkono na kuchapishwa mwaka 1679, baada ya kifo chake, hivyo jina likabaki la mwenzake. Haki inataka tuwataje wote wawili. Hata karne ya 14 Nicole Oresme, aliyekuja kuwa Askofu wa Lisieux, alishachora vipimo viwili, kimoja kikilala na kingine kikisimama. Ile hadithi ya Descartes kumtazama nzi darini akiwa kitandani na kugundua majira ni tamu kusimuliwa, lakini ni hadithi. Chanzo ni swali la Pappus na majuma ya kazi.

Insha yenyewe ilikuwa ngumu, naye aliacha sehemu nyingi bila maelezo kwa makusudi, akidai anawaachia wengine furaha ya kugundua. Nadhani kulikuwa na majivuno kidogo hapo. Frans van Schooten wa Leiden aliitafsiri kwa Kilatini mwaka 1649 na kuiongezea ufafanuzi, na ni kwa njia hiyo kijana Isaac Newton aliisoma huko Cambridge.

Wakati insha ile inatayarishwa, Descartes alipata mtoto. Mwaka 1635 Helena Jans, mtumishi wa nyumba, alimzalia binti, Francine, aliyebatizwa huko Deventer. Hawakufunga ndoa. Descartes alimtambua mtoto na alikuwa akipanga kumpeleka Ufaransa akapate elimu. Mwezi wa Septemba 1640 Francine alishikwa na homa ya vipele vyekundu, akafa akiwa na miaka mitano. Baba yake aliyesifika kwa ubaridi wa akili alimwandikia rafiki aliyefiwa kwamba yeye si mmoja wa wanaodhani machozi ni ya wanawake tu.

Mwaka uliofuata alitoa tafakuri zake juu ya Mungu na roho, akaziweka mbele ya kitivo cha teolojia cha Paris. Humo anaondoa kila kinachoweza kutiliwa shaka mpaka abaki na kimoja, kwamba anayefikiri hawezi kukosa kuwapo, na kuanzia hapo anapanda hadi kwa Mungu. Kama hoja zake zinasimama au hazisimami, hilo ni kazi ya darasa la metafizikia. Vita vilikuja kutoka pande zote. Utrecht, mchungaji wa Kikalvini Gisbertus Voetius alimshtaki kwamba anaeneza ukanamungu na kwamba ni mwanafunzi wa Wayesuiti. Paris, Myesuiti Pierre Bourdin aliandika kumpinga. Aliyemsoma kwa haki kuliko wengi alikuwa mwanamke, Elisabeth wa Bohemia, binti wa mfalme aliyepoteza kiti chake. Alimwuliza roho isiyo na mwili inawezaje kuusogeza mwili, na Descartes hakuwahi kumjibu vya kutosha. Mwaka 1643 alimpa naye swali gumu la kale la duara tatu, naye Elisabeth akalikabili kwa aljebra hiyo mpya.

Mwaka 1649 Malkia Christina wa Uswidi alimwita Stockholm. Alisita, kisha akaenda. Malkia alitaka masomo ya falsafa saa kumi na moja alfajiri, katikati ya majira ya baridi. Mtu aliyezoea kitanda tangu La Flèche akawa anavuka baridi ile gizani kwenda ikulu. Mwenyeji wake, balozi wa Ufaransa Pierre Chanut, aliugua mapafu, na Descartes akamuuguza. Balozi alipona, muuguzaji akaugua. Padre François Viogué, Mwagostino aliyehudumu katika ubalozi, alikuwa kando ya kitanda chake. Alifariki tarehe 11 Februari 1650, akiwa na miaka 53. Kwa kuwa ni Mkatoliki katika nchi ya Kilutheri, alizikwa kwenye makaburi yaliyotumika zaidi kwa watoto wachanga. Miaka minne baadaye Christina aliacha kiti cha enzi, akaingia Kanisa Katoliki, na akakiri kwamba Descartes na Chanut walimsaidia kuifikia hatua hiyo. Amezikwa katika Basilika la Mtakatifu Petro.

Mwaka 1663 vitabu kadhaa vya Descartes viliwekwa kwenye Orodha ya Vitabu Vilivyokatazwa, mpaka visahihishwe. Kilichosumbua kilikuwa falsafa, si jiometri. Kama kiini cha kitu ni kule kuchukua nafasi tu, kama alivyofundisha, inakuwa vigumu kueleza katika Ekaristi jinsi umbo la mkate linavyobaki ilhali mkate haupo tena. Yeye mwenyewe aliliona tatizo hilo mapema, akajaribu kulitatua katika barua kwa Myesuiti Denis Mesland, akimwomba asizisambaze. Orodha yenyewe ilikoma mwaka 1966.

Mabaki yake yalichukuliwa Stockholm mwaka 1666 kurudishwa Ufaransa, yakahamishwa zaidi ya mara moja, na kichwa kikaachana na mwili njiani. Fuvu linalosemekana ni lake liko katika jumba la makumbusho mjini Paris. Mifupa mingine, tangu mwaka 1819, iko katika kanisa la Saint-Germain-des-Prés, katika kikanisa kimoja na watawa wasomi wawili wa Kibenedikto, Jean Mabillon na Bernard de Montfaucon.